Mtoto njiti anaposahau alichotumwa

Siku za juma anazitaja bila kukosea, na akiulizwa mji mkuu wa Uganda anajibu papo hapo. Lakini mtume dukani alete chumvi na kiberiti, atarudi na chumvi peke yake. Sweta nalo kaliacha shuleni. Nyumbani anaambiwa hana makini, darasani anaitwa mzembe. Ikiwa mtoto huyo alizaliwa njiti, na hasa kabla ya wiki ya 32 ya ujauzito, huenda chanzo si uzembe.

Mtoto njiti ni yule anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4 duniani, karibu mmoja katika kila watoto 10.

Wiki za mwisho tumboni

Miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito ndiyo ubongo hukua kwa kasi. Hata kwenye wiki ya 34, uzito wake ni takriban asilimia 65 tu ya ule wa mtoto aliyetimiza wiki 40. Mikunjo ya juu inaendelea kujitengeneza, na seli zitakazozifunika nyuzi za ubongo kwa mafuta, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme, bado ni changa. Seli hizo huumia upesi damu au oksijeni inapopungua. Mishipa ya damu iliyo kando ya vyumba vya maji vya ubongo nayo ni laini, na inapopasuka, mara nyingi huwa ndani ya siku tatu za kwanza.

Ndani kabisa, upande wa kila sikio, kuna sehemu iitwayo hipokampasi. Hii ndiyo husaidia tukio la leo likumbukwe kesho. Nayo haivumilii upungufu wa oksijeni, hali inayowapata njiti wengi ambao mapafu yao hayajakomaa.

Vipimo vilionyesha nini

Mwaka 2000, Elizabeth Isaacs na wenzake jijini London walichapisha matokeo ya kundi dogo la vijana waliozaliwa wakiwa na wiki 30 au pungufu. Vichwa vyao vilikuwa na ukubwa wa kawaida, na uchunguzi wa mfumo wa fahamu haukuonyesha kasoro. Lakini picha za MRI zilionyesha hipokampasi ndogo pande zote mbili, na kumbukumbu zao za mambo ya kila siku zilikuwa dhaifu. Vipimo vya aina hii hufanana na maisha yenyewe: kitu cha mtoto kinafichwa naye anaagizwa akiombe mwisho wa kipindi, au anaambiwa aulize swali fulani saa itakapolia.

Vijana hao pia walipata shida kwenye hesabu. Ugumu huo huonekana mtoto anapojumlisha 27 na 48: saba na nane ni 15, anaandika tano, na ile moja ya kubeba imeshampotea. Kanuni anaijua, kilichomponyoka ni namba aliyotakiwa kuishikilia kichwani kwa muda mfupi.

Si kila njiti hupata tatizo hili, na ubongo huendelea kujijenga kwa miaka mingi baada ya kuzaliwa.

Kinachosaidia

Kinga huanza kabla ya uchungu kwisha. Mama anayetarajiwa kujifungua mapema sana anaweza kupewa sindano za steroidi za kukomaza mapafu ya mtoto, na magnesiamu salfeti ya kuukinga ubongo. Baada ya hapo huja huduma ya kangaruu, mtoto kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi, iliyoanza Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wachanga wenye uzito mdogo kwa asilimia 25. Huko Bogotá, njiti waliobebwa hivyo walifuatiliwa hadi miaka 20, wakaonekana kuwa na utoro mdogo shuleni na utulivu zaidi kuliko wenzao.

Darasani, mpe agizo moja kwa wakati, alirudie kwa sauti kabla hajaondoka. Ile moja ya kubeba aiandike juu ya mstari. Vitu vya kubeba asubuhi vichorwe kwenye karatasi mlangoni.

Lakini mwalimu hawezi kumsaidia kwa jambo asilolijua. Kadi ya kliniki hubaki kabatini, na mtoto akishawafikia wenzake kwa kimo, wazazi huona habari za njiti zimekwisha. Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza, mwambie mwalimu mtoto alizaliwa na wiki ngapi, na alikaa hospitalini kwa muda gani.