Chungu Kimoja, Sera Tatu: Kupanga Utafiti wa Chakula, Maji na Nishati Ufipa

Mkoa wa Rukwa huvuna mahindi na maharage kwa wingi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kwamba karibu nusu ya watoto wa mkoa huo wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Ghala limejaa, lakini mtoto hakui ipasavyo. Kitendawili hiki hakiwezi kuteguliwa na daktari peke yake, wala na bwana shamba peke yake.

Kinachotokea jikoni

Kata ya Malangali imo katika Manispaa ya Sumbawanga, mji ulio takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji huchemka yakifikia nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Joto hilo hutosha kuua vijidudu vya maradhi, lakini maharage huchelewa kuiva na kuni au mkaa hutumika zaidi. Nishati ikiwa ghali, familia yaweza kupunguza siku za kupika maharage, au ikaacha kuchemsha maji ya kunywa. Hapo mtoto hupungukiwa protini, huharisha mara kwa mara, na moshi humwongezea hatari ya nimonia.

Utafiti upangwe vipi?

Kilimo, maji na nishati vina wizara na sera tofauti. Katika kaya hukutana kwenye chungu kimoja. Kwa hiyo wataalamu wa lishe, maji, nishati, uchumi na tiba waanze kwa kukubaliana juu ya swali moja. Kwa mfano, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Je, kaya ikipata jiko la gesi, italitumia kupikia maharage, au chai tu?

Ili kulijibu, vipimo vyote vichukuliwe katika kaya zilezile, wakati wa mvua na wa kiangazi: urefu na mlo wa mtoto, usalama wa maji yaliyomo kwenye ndoo na si ya bombani pekee, uzito wa kuni na mkaa, na muda anaoutumia mama. Maofisa wa halmashauri washirikishwe tangu mwanzo, maana ndio watakaotekeleza matokeo. Kibali cha maadili kipatikane, kila mshiriki atoe ridhaa kwa hiari, na matokeo yarudishwe kwa wananchi kwa lugha wanayoielewa.

Yasiyohitaji kusubiri

Katika kliniki ya watoto, mhudumu anayekuta mtoto asiyekua vizuri aulize pia kuhusu maji na kuni kabla ya kumshauri mama abadili mlo. Nyumbani, maharage yalowekwe usiku kucha na chungu kifunikwe, ili yaive mapema. Kuni zilizookolewa zichemshe maji ya kunywa hadi yatokote, kisha yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko. Mtoto anayeharisha apewe maji yenye chumvichumvi maalumu na zinki, na afikishwe kituoni mapema.