Kauli ya Kocha na Ari ya Timu: Funzo la Besiboli kwa Shule za Kibaha na Kisarawe

Na Mwandishi Wetu, Pwani

KATIKA mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari, lipo jambo ambalo watazamaji wengi hawalitilii maanani. Wanamichezo wa Kibaha na wa Kisarawe hukutana kwanza kama wapinzani katika ngazi ya mkoa. Baada ya hapo, waliochaguliwa miongoni mwao huvaa jezi moja ya Mkoa wa Pwani na kuingia kambini kujiandaa kwa fainali za kitaifa. Kijana aliyefungwa bao leo hutakiwa, siku chache baadaye, kumpa pasi yule yule aliyemfunga. Mwalimu anayekabidhiwa timu ya namna hiyo hapewi miezi ya kuijenga. Hupewa siku tu, na chombo kikubwa alichonacho mkononi ni kauli yake.

Je, kauli ya kocha ina uzito kiasi gani katika ari ya mchezaji na katika maelewano ya timu? Swali hilo limefanyiwa uchunguzi wa kina katika mchezo ambao kwa shule nyingi za Pwani bado ni mgeni, yaani besiboli. Ndiyo sababu makala haya yanaanzia huko, ingawa yanayoelezwa yanamhusu pia mwalimu wa netiboli, soka, mpira wa wavu au riadha.

Besiboli si mchezo wa mbali kama inavyodhaniwa. Mwaka 2012 ulianza kufundishwa katika shule za sekondari za Azania na Kibasila jijini Dar es Salaam kwa ushirikiano na wadau kutoka Japani, na Desemba 2018 ukafunguliwa uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania kwa msaada wa Serikali ya Japani. Kutoka Kibaha hadi uwanjani hapo ni mwendo wa takribani kilomita 40 kwa Barabara ya Morogoro. Kwa jirani zetu wa Uganda, timu ya watoto kutoka Lugazi ilikuwa ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za ligi ya watoto nchini Marekani, mwaka huo huo wa 2012, na ikaifunga timu ya jimbo la Oregon kwa 3-2.

Ili kuelewa kwa nini mchezo huu unafaa kama kioo, ni vyema kujua unavyochezwa. Kila timu huwa na wachezaji tisa uwanjani. Mrushaji husimama juu ya tuta dogo katikati na kuurusha mpira kuelekea kwa mdakaji mwenzake, na mpigaji wa timu pinzani, akiwa na gongo, hujaribu kuupiga ili apate nafasi ya kukimbilia vituo. Tofauti na soka, ambamo kosa la beki linaweza kufichwa na kipa, katika besiboli mtu hukosea akiwa peke yake mbele ya macho yote. Hata katika ligi kubwa za Marekani, mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila kumi huhesabiwa kuwa hodari. Zaidi ya hapo, makosa ya wadakaji huandikwa kwenye ubao wa matokeo na kusomwa na kila aliyeingia uwanjani.

Kiongozi wa timu, ambaye Wamarekani humwita meneja na ambaye kwetu kwa kawaida ni mwalimu wa michezo, huongoza akiwa kando ya uwanja. Maagizo mengi hupitishwa kwa ishara: msaidizi aliyesimama karibu na kituo cha tatu hugusa kofia, kifua au mkanda, na mpigaji huelewa kama apige, asubiri au akimbie. Ishara hizo hazina maana yoyote kwa mchezaji asiyemwamini anayezitoa. Meneja anaweza pia kusimamisha mchezo na kwenda kwenye tuta kuzungumza na mrushaji, lakini akienda mara ya pili katika kipindi kile kile, mrushaji huyo hulazimika kutolewa. Katika ligi kuu ya Marekani, tangu mwaka 2018 safari hizo zimewekewa idadi kwa kila mchezo; mwanzoni zilikuwa sita, na mwaka 2024 zikapunguzwa hadi nne. Kwa maneno mengine, meneja hutembea hadi kwa kijana aliyechanganyikiwa akiwa na sekunde chache za kusema jambo moja. Akizitumia kumwuliza kwa ukali amefanya nini, kijana ameelezwa analolijua tayari. Akimwambia aulenge mpira chini ya goti la mpigaji na awaachie wenzake kazi iliyobaki, amempa la kufanya.

Katika miaka ya 1970, wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, Ronald Smith na Frank Smoll, waliamua kuyahesabu mambo haya badala ya kuyabishania. Waliwafuatilia makocha 51 wa besiboli ya watoto katika michezo 202, wakaandika kila tendo la kocha: amesifu, amefundisha, ametia moyo, amekaripia, amenyamaza. Jumla yalikuwa matendo zaidi ya 57,000. Kisha waliwahoji watoto 542 waliofundishwa na makocha hao.

Matokeo yake yanapaswa kusomwa polepole. Watoto waliwapenda zaidi makocha waliowatia moyo na kuwaelekeza. Si hivyo tu, waliwapenda zaidi hata wachezaji wenzao. Ushindi haukuwa na uzito mkubwa katika jambo hilo, na waliopoteza michezo mingi chini ya kocha mwenye kauli njema walifurahia msimu wao. Lililowashangaza watafiti ni kwamba makocha wenyewe hawakuijua tabia yao. Walipoulizwa wanazungumzaje na watoto, majibu yao yalitofautiana sana na yaliyoandikwa uwanjani. Watoto ndio waliokumbuka kwa usahihi zaidi. Mwandishi wa makala haya anaamini kwamba hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Mwalimu anayekemea mara kwa mara huenda akaapa kwa dhati kwamba yeye ni mpole.

Watafiti hao waliandaa mafunzo mafupi ya saa chache kwa baadhi ya makocha. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1992, walilinganisha timu za makocha waliofundwa na zile za wasiofundwa, wakaangalia ni watoto wangapi wangerudi kucheza mwaka uliofuata. Kwa makocha wasiofundwa, watoto 26 katika kila 100 hawakurudi. Kwa waliofundwa, walioacha walikuwa watano tu. Rekodi za ushindi wa makundi hayo mawili hazikutofautiana, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba watoto walikimbia vipigo. Waliofaidika zaidi na kauli njema walikuwa wale waliojidharau tangu mwanzo.

Mafunzo yenyewe hayakuwa na siri. Kocha alielekezwa kusifu bidii papo hapo, hata kama mpira haukupatikana. Mtoto anapokosea, atiwe moyo kwanza, na arekebishwe tu kama hajui namna ya kufanya vizuri. Anayejua tayari hahitaji hotuba. Marekebisho yaanze na alichofanya sawa, yaendelee na cha kubadilisha, yaishie na manufaa atakayoyapata. Kanuni za nidhamu ziwekwe mwanzoni mwa msimu pamoja na wachezaji, ili anayezivunja akumbushwe makubaliano ya timu badala ya kukabiliwa na hasira ya mtu mmoja.

Wapo watakaouliza kama upole wa namna hiyo hauvunji nidhamu, hasa kwa kuwa besiboli iliyoletwa nchini kutoka Japani inasifika kwa heshima na utaratibu. Jibu limetolewa na Wajapani wenyewe. Baada ya taifa hilo kutikiswa na taarifa za wanafunzi na wanamichezo kupigwa na makocha wao, Aprili 2013 vyombo vikuu vya michezo vya nchi hiyo vilitoa tamko la pamoja la kukataa ukatili michezoni. Nidhamu haikufutwa. Vijana wa sekondari wanaoshindana katika uwanja wa Koshien, uliofunguliwa mwaka 1924, bado huinamiana kwa heshima kabla na baada ya mchezo.

Kwa Kibaha na Kisarawe, suala hili lina sura yake. Shule za bweni kama Kibaha Sekondari, iliyo chini ya Shirika la Elimu Kibaha, na Minaki iliyopo Kisarawe, hukusanya vijana wa mikoa mbalimbali wanaokutana kwa mara ya kwanza darasani na uwanjani. Katika shule nyingi, anayewafundisha michezo ni mwalimu wa somo jingine, anayeingia uwanjani baada ya vipindi akiwa amechoka. Si haki kumlaumu kwa ukali wa dakika moja, lakini ni haki apatiwe mafunzo. Nchi inacho Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kinachoandaa wataalamu wa fani hii, na kila halmashauri ina ofisa michezo ambaye mkuu wa shule anaweza kumwomba aandae semina ya mchana mmoja kabla ya msimu.

Lugha nayo isisahaulike. Istilahi nyingi za besiboli huja kwa Kiingereza, na mtoto anayekaripiwa kwa neno alilolisikia juzi hujifunza woga kabla ya mchezo. Mwalimu aeleze kwa Kiswahili kwanza, kisha ataje jina la kigeni.

Wakati semina ikisubiriwa, ipo njia isiyohitaji bajeti. Kabla ya mchezo, mwalimu amwombe mwenzake akae pembeni na daftari lililogawanywa safu nne: sifa, maelekezo, kutia moyo, karipio. Kila kocha anapofungua kinywa, alama iwekwe katika safu inayohusika, na jina la mchezaji aliyeambiwa liandikwe. Mchezo ukiisha, mwalimu akadirie kwanza idadi za kila safu kwa kumbukumbu yake, ndipo afungue daftari. Ajiangalie zaidi katika majina: ni mchezaji gani aliyetajwa mara kumi, na ni yupi ambaye, tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, hakuambiwa neno lolote.