Mkataba Umeisha, Mwingine Haujaanza: Miezi 6 ya Jumuiya Inakusaidia Nini Kigali?

Wakenya, Watanzania na Waganda wanaofanya kazi Kigali wanalijua swali hili: mkataba wa kwanza unaisha Machi, wa pili unaanza Juni, hapo katikati unakaaje? Kijiweni utaambiwa, "Wewe si wa Jumuiya? Toka mpakani Rusumo, rudi, gongewa miezi sita, tulia." Si uongo. Lakini kwa anayepania kuomba ukaazi wa kudumu, ushauri huo hautoshi.

Tulikotoka

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Arusha tarehe 20 Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Rwanda, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2007, ilikuwa na njaa ya wafanyakazi. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa madarasani, na walimu wa Kenya na Uganda wakapata soko. Mwaka huohuo benki ya KCB ya Kenya ikafungua milango Kigali. Rwanda ikawafutia raia wa Jumuiya ada ya kibali cha kazi. Wengi walisikia kwamba kibali chenyewe kimefutwa. Sivyo: kilichofutwa ni malipo.

Pasi tatu, kazi tatu

Itifaki inatofautisha watu watatu. Mgeni anapewa pasi ya hadi miezi 6, bure, na haimruhusu kufanya kazi. Mwenye kazi isiyozidi siku 90 anaomba pasi maalumu. Mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 anaomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na kibali cha kwanza ni cha hadi miaka 2.

Pengo linazaliwa hapo. Kibali kinaombwa kwa nguvu ya mkataba. Mkataba ukifa, huna cha kukitetea. Pasi ya mgeni inakuweka nchini kihalali: utalipa kodi ya nyumba, utakwenda kwenye usaili. Ila ukikubali "kakazi ka wiki mbili" ka ushauri, umeshavunja masharti, hata kama ni kwa kompyuta yako sebuleni kwa mteja wa Kigali.

Tena, hakuna ukaazi wa kudumu wa Jumuiya. Itifaki inampa mfanyakazi haki ya kuishi alipo na kibali, lakini suala la ukaazi wa kudumu iliziachia sheria za kila nchi. Rwanda inaongozwa na sheria yake ya uhamiaji, Na. 57/2018. Atakayefungua faili lako ataona vipindi vya mfanyakazi na vipindi vya mgeni, wala halazimiki kuviona kuwa kitu kimoja.

Kuvuka pengo

Kanada ina kibali maalumu cha kuwavusha wafanyakazi walioomba ukaazi wa kudumu. Uingereza, kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya 1971 kinamlinda aliyeomba kuongezewa muda kabla haujaisha. Kote huko anayelindwa ni aliyewahi, na Kigali usitegemee huruma zaidi ya hiyo.

Anza na karatasi inayochelewa kuliko zote: cheti cha tabia njema cha polisi. Wengi hukikumbuka baada ya kupata kazi, na wiki zinayeyuka wakikisubiri. Mwombe mwajiri mpya asaini mapema, kisha peleka maombi kwenye Irembo, tovuti ya huduma za serikali, kibali cha zamani kikiwa bado hai. Kazi ya kati ikiwa fupi, omba pasi maalumu badala ya kujificha nyuma ya muhuri wa mgeni. Na weka nakala za kila kibali, kila mkataba na michango yako ya hifadhi ya jamii (RSSB). Siku ya kuomba ukaazi wa kudumu, wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha ulikuwa nani nchini kila mwezi.