Kabla ya Kumlaumu Mtoto, Litazame Tundu la Pedi

Hebu tuifikirie nyumba moja ya Mkula, mkoani Simiyu, wakati wa kiangazi, vumbi likiwa limetanda hadi juu ya kabati. Sebuleni ipo PlayStation 2, ambayo kaka mkubwa aliinunua mtumba baada ya kuuza pamba. Jioni moja pedi inagoma. Baba anarejea kutoka Swala ya Ishaa, anauliza nani aliyeiharibu, na macho yote yanamgeukia mdogo kuliko wote. “Si mimi, baba,” anasema. Hakuna anayemsikiliza.

Ndugu msomaji, kesi za namna hii huamuliwa majumbani mwetu bila ushahidi, ilhali mashine yenyewe hutoa ushahidi kwa anayeichunguza kwa utaratibu.

Mashine hii ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000, na utengenezaji wake ukakoma mwanzoni mwa 2013, zikiwa zimeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Kwa hiyo kila iliyopo leo, iwe nyumbani au katika kibanda cha gemu, imekwisha kuzeeka. Pedi zimechomekwa na kuchomolewa humo mara zisizohesabika, na vipuri vingi hutolewa katika mashine zilizokufa.

Swali la kwanza ni hili: kosa ni la pedi au la tundu? Ihamishie pedi hiyo katika tundu la pili. Ikifanya kazi, pedi haina hatia, bali tundu la kwanza ndilo bovu. Ikigoma huko nako, chukua pedi nyingine iliyo nzima uijaribu katika matundu yote mawili. Hii ikikubali kote, mgonjwa ni pedi ya awali, na mara nyingi waya wake umekatikia ndani, pale unapokunjwa kila siku. Ikigoma kote, ugonjwa umo ndani ya mashine.

Tundu likishukiwa, zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha mulika kwa tochi. Utaona pini tisa. Moja haina kazi. Ya tatu hupeleka umeme wa mtetemo, volti saba na nusu hivi; ya nne ni ya ardhi; ya tano hupeleka volti tatu na ushei zinazoiendesha pedi. Tano zilizosalia hubeba mawasiliano baina ya mashine na pedi. Ndiyo sababu pedi yaweza kucheza vyema lakini isitetemeke: huenda pini ya tatu peke yake haigusi.

Vumbi na kutu huondolewa kwa mswaki laini uliotiwa spiriti kidogo, na tundu liachwe likauke kabisa kabla ya kuwasha. Pini iliyopinda hunyooshwa polepole kwa kibanio chembamba, tena mara moja tu, kwani chuma kikipindwa huku na huku hukatika. Ikikatika, fundi hubadilisha kipande kizima cha matundu kwa kutumia kingine cha mashine ya toleo lile lile.

Matundu yote mawili yakifa kwa pamoja, fundi hukagua utepe wa nyaya unaoyaunganisha na bodi, kisha hupima kwa mita fyuzi ndogo iliyomo katika bodi hiyo. Fyuzi haiungui bila sababu. Huenda pini mbili zimegusana, au waya wa pedi umechubuka ndani. Fundi anayeiruka fyuzi kwa kipande cha waya bila kutafuta sababu ameuondoa ulinzi, na hitilafu ijayo yaweza kuiunguza bodi yenyewe.

Wazazi wazingatie pia kwamba toleo nene la mashine hii lina umeme wa ukutani ndani yake. Mtoto asiifungue. Kumulika na kusafisha kwa nje kwatosha. Kulehemu ni kazi ya fundi.

Na kwa fundi, kifaa cha mteja ni amana. Bei ipatanwe kabla ya kufungua, na kipande kilichotolewa mteja arudishiwe akione. Tatizo likiwa ni vumbi tu, aseme ni vumbi, wala asitoze bei ya kipande kipya.

Turudi sebuleni. Tochi inamulika, na baba anaiona pini ya tano imelala ubavu. Nani aliipinda? Pengine aliyechomeka pedi juu chini. Pengine kaka mwenyewe, gizani. Pengine ilikuja hivyo, imelegea, tangu iliponunuliwa. Pini haitaji jina la mtu. Lakini yatosha kumwonesha baba kwamba alihukumu kabla ya kutazama. Kuirekebisha pini hiyo ni kazi ya dakika chache. Kilichobaki ni kizito zaidi, nacho hakihitaji fundi: baba kumwita mwanawe, kumketisha karibu, na kumwambia mbele ya nduguze, “Nisamehe, mwanangu.”