Joto Lililojificha Majini

Mtungi ukiwekwa kivulini penye upepo, maji yake huwa baridi kuliko hewa iliyouzunguka, ijapokuwa hapana barafu wala mashine. Twapenda kueleza sababu yake, maana yagusa pia mzigo wa kuni wanaoubeba akina mama wa Singida.

Joseph Black, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1760. Aliona ya kuwa barafu ikiyeyuka hupokea joto jingi, lakini kipimajoto hakipandi hata barafu yote iishe. Maji yachemkapo ni vivyo hivyo. Joto lile halikupotea, bali limeyageuza maji kuwa mvuke, nalo limejificha humo.

Basi utazameni chungu cha maharage. Mji wa Singida u juu ya bahari kadiri ya meta 1,500, kwa hiyo maji huchemka huko kwa nyuzi 95 hivi, wala si 100. Yakiisha kuchemka, mjapochochea moto mkubwa namna gani, nyuzi haziongezeki. Kuni za ziada hutoa mvuke tu, na mvuke hula sana: kuikausha lita moja ichemkayo kwataka joto kama mara saba ya lile lililoichemsha tangu ubaridi wa asubuhi. Chemsheni kwanza, kisha ondoeni vijinga na kufunika chungu. Wako wasemao moto mdogo ni moto wa mvivu. Sisi hatukubaliani nao.

Tena mvuke ukigusa mkono wa mtoto hurudi kuwa maji, na joto lote lililojificha huliachilia papo hapo. Ndiyo sababu huunguza vibaya kuliko maji yenyewe. Mfunuapo chungu, watoto na wakae mbali.

Na mtungi je? Maji hupenya vitundu vya udongo, yakakauka nje, na joto yanalolihitaji huliteka katika maji yaliyobaki ndani. Mtungi uliopakwa rangi hauwezi kazi hiyo. Wakati wa mvua, hewa ikiwa na unyevu, hupoza kidogo tu. Kiangazi ndiyo saa yake.

Maziwa ya Singidani na Kindai nayo hayana mto uendao baharini. Jua huyapandisha maji yake kuwa mvuke, na chumvi, isiyoweza kupaa, hubaki.