Habu za Mbele za Land Rover: Sababu za Kuchakaa na Jinsi ya Kuzibadilisha

Land Rover, gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, lilitumika kwa miaka mingi kuwafikisha waganga, maofisa wa kilimo na wapimaji ardhi katika sehemu za Afrika Mashariki zisizo na lami. Magari ya aina ya zamani, yenye springi za bapa, yangali yakionekana barabarani hadi leo. Sehemu mojawapo ya magari hayo ambayo huchoka polepole pasipo dereva kutambua ni habu ya gurudumu la mbele. Ikipuuzwa, gurudumu huweza kuchomoka gari likiwa katika mwendo.

Muundo wa habu

Habu ni kitovu cha gurudumu. Huzunguka juu ya mhimili mfupi wenye tundu katikati, na kati yao mna beringi mbili, ya ndani na ya nje. Kila beringi ina rola ndogo za chuma zenye umbo la pia iliyokatwa ncha, zinazobingirika ndani ya kikombe kilichoshindiliwa katika habu. Umbo hilo, ambalo Henry Timken na mwenzake walipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1898, huiwezesha beringi kubeba mizigo miwili kwa pamoja: uzito wa gari na msukumo wa ubavuni gari likatapo kona. Shafti ipitayo katika tundu la mhimili haibebi uzito huo. Kazi yake ni kuzungusha gurudumu tu.

Tairi lenye kipenyo cha sentimita 80 huzunguka takriban mara 400 katika kila kilomita. Safari ya kilomita 1,000, basi, ni mizunguko 400,000. Dosari ndogo katika chuma, ikirudiwa mara nyingi hivyo, haiwezi kubaki ndogo.

Sababu za kuchakaa

Adui mkubwa wa beringi ni maji na vumbi. Gari likiingia mtoni baada ya mwendo mrefu, habu iliyo moto hupoa ghafla, hewa iliyomo husinyaa, na maji hufyonzwa kupitia sili iliyochoka. Maji huharibu grisi na kuleta kutu. Kutu huacha vishimo, na kila rola ipitapo juu ya kishimo chuma huzidi kumeguka.

Maadamu kikombe kingali kimekaza, beringi mpya zatosha. Lakini beringi ikikwama kwa kukosa grisi, kikombe huanza kuzunguka na kuitafuna habu yenyewe. Habu ya namna hiyo hupokea kikombe kipya kwa kusukumwa na kidole tu. Wako wanaoichoma kwa patasi au kuzungushia bati ili kikombe kibane. Hiyo ni dawa ya muda: kikombe hukaa upande, mzigo huangukia rola chache, na beringi mpya hufa mapema. Habu hiyo haina budi kutupwa.

Uchunguzi

Gari huinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya vigingi imara, nayo magurudumu ya nyuma huzuiwa. Gurudumu hushikwa juu na chini, kisha hutikiswa. Likicheza, mtu wa pili hukanyaga breki. Mchezo ukitoweka, kasoro imo katika beringi. Ukiendelea, kingpini zichunguzwe.

Kubadilisha

Baada ya gurudumu na dramu ya breki kuondolewa, hufunguliwa bolti za kifuniko kinachoiunganisha shafti na habu, kisha nati mbili na washa ya kufungia iliyo kati yake. Habu huvutwa nje. Vumbi la breki lisipulizwe, kwa kuwa breki za zamani huweza kuwa na asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Mhimili nao utazamwe: ukiwa umelika, nao ubadilishwe.

Vikombe vipya hugongwa taratibu kuzunguka ukingo kwa kipande cha shaba, mpaka mlio ubadilike kuonyesha kwamba vimefika mwisho. Grisi hushindiliwa kati ya rola zote, kwani kupaka juu hakutoshi. Sili huwa mpya daima.

Kazi inayotaka uangalifu zaidi ni kukaza. Nati hukazwa habu ikizungushwa ili rola zikae sawasawa, kisha hulegezwa hadi ubaki mchezo mdogo uliotajwa katika kitabu cha gari, unaopimwa kwa visehemu vya milimita. Ikikazwa kupita kiasi, beringi huungua. Ikilegea mno, mzigo hauenei. Mwishowe washa hukunjwa ili nati zisifunguke.

Baada ya mwendo mfupi habu iguswe kwa mkono. Vuguvugu si neno. Ikichoma, nati imekaza mno na ifunguliwe upya kabla ya safari.