Yoga si kunyoosha viungo pekee: Kanuni zake katika maisha ya kila siku

WATU wengi wa mjini wasikiapo neno yoga, picha inayowajia ni ya mtu aliyejikunja juu ya mkeka, mguu mmoja ukiwa begani na macho yamefumbwa. Wapo wanaoichukulia kuwa ni mazoezi ya matajiri wenye muda wa kupoteza, na wapo wanaoiogopa wakidhani ni ibada ya siri. Dhana zote hizo huliacha kando jambo la msingi. Katika mafundisho yake ya kale, yoga huanza na namna mtu anavyoishi na jirani yake, ndipo hufuata namna ya kukaa, ya kupumua na ya kutuliza fikra.

Jambo hilo lina uzito kwa mkazi wa jiji. Mtu aamkaye alfajiri kuwahi daladala au matatu, akakaa kwenye foleni kwa saa mbili, akagombana na kondakta kwa ajili ya chenji na kufika kazini akiwa amechoka kabla hajaanza kazi, hana haja ya kujua kwanza namna ya kusimama kwa kichwa. Anachohitaji ni njia ya kuitawala hasira yake, ulimi wake na pumzi yake. Hayo ndiyo yaliyowekwa mwanzoni mwa safari ya yoga.

Hatua nane za Patanjali

Neno yoga limetokana na mzizi wa lugha ya Kisanskriti wenye maana ya kuunganisha au kufunga nira, kama wafungwavyo maksai ili wavute jembe kwa pamoja. Kinachofungwa nira hapa ni mwili, pumzi na akili, vitu ambavyo kwa kawaida kila kimoja huvutia upande wake.

Mafundisho hayo yalikusanywa nchini India katika kitabu kifupi kiitwacho Yoga Sutra, ambacho huhesabiwa kuwa kazi ya mwanazuoni Patanjali. Wanazuoni hawakubaliani kuhusu umri wake. Wapo wanaokiweka katika karne ya pili kabla ya Kristo, na wapo wanaosema ni cha karne ya nne au ya tano baada yake. Kina kauli fupi zipatazo 195, na ndani yake zimo hatua nane maarufu.

Hatua ya kwanza ni yama, yaani miiko ya kuishi na watu. Ya pili ni niyama, nidhamu ya mtu binafsi. Ya tatu ni asana, mkao wa mwili, na ya nne ni pranayama, utawala wa pumzi. Zinafuata pratyahara, ambayo ni kuzirudisha hisi ndani. Dharana, kuikusanya akili mahali pamoja. Dhyana, tafakuri ya kina. Na mwisho ni samadhi, utulivu kamili ambamo mtu husahau nafsi yake.

Ajabu ni kwamba katika kauli zote hizo, zinazohusu mkao wa mwili ni tatu tu, nazo zasisitiza kwamba mkao uwe imara na usiomtesa mtu. Wingi wa mikao ifundishwayo leo katika kumbi za mazoezi ulikuja baadaye sana.

Namna mwili ulivyotangulia

Swami Vivekananda, aliyehutubia Bunge la Dini za Dunia mjini Chicago mwaka 1893, ni miongoni mwa watu wa kwanza kuifikisha yoga kwa umma wa Marekani. Yeye alifundisha zaidi falsafa na tafakuri. Katika miaka ya 1930, mwalimu Tirumalai Krishnamacharya alifundisha vijana mikao yenye nguvu katika kasri la mfalme wa Mysore, kusini mwa India. Wanafunzi wake, akiwamo B.K.S. Iyengar ambaye kitabu chake Light on Yoga kilitoka mwaka 1966, ndio walioieneza yoga ya viungo ulimwenguni.

Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na maadhimisho ya kwanza yakafanyika mwaka 2015. Mwaka 2016 Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa, UNESCO, liliiingiza yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Jijini Nairobi, Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007, imewafundisha ualimu wa yoga vijana wengi, wakiwamo wa mitaa ya makazi duni.

Pamoja na mafanikio hayo, kuutanguliza mwili na kuiacha miiko kumekuwa na gharama. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama mjini Los Angeles lilimtia hatiani Bikram Choudhury, mwalimu aliyejipatia utajiri mkubwa kwa yoga ya vyumba vyenye joto kali, katika kesi ya madai ya unyanyasaji wa kijinsia iliyofunguliwa na aliyekuwa mshauri wake wa sheria. Alitakiwa kulipa zaidi ya dola milioni 6 za Marekani. Mikao yake ilisifiwa duniani kote, lakini wepesi wa viungo haukuwa ushahidi wa usafi wa moyo.

Miiko mitano mbele ya watu

Miiko ya yama ni mitano. Wa kwanza ni ahimsa, kutodhuru. Huu haukomei kwenye kumwaga damu, bali hugusa pia tusi linalotoka dirishani mwa gari, kejeli kwa mfanyakazi wa ndani na kofi apigwalo mtoto kwa hasira iliyoletwa kutoka ofisini. Wahenga walisema hasira hasara, na yoga yakubaliana nao.

Wa pili ni satya, ukweli. Mtu aliye kitandani bado hujibu simu kwa kusema "niko njiani", na fundi huahidi Jumamosi huku akijua kazi haitaisha. Uongo mdogo wa namna hiyo huonekana hauna madhara, lakini humlazimu msemaji kubeba kumbukumbu ya kila alilomdanganya mtu, na akili yenye mzigo huo haitulii.

Mohandas Gandhi, ambaye mwaka 1893 alipita Lamu, Mombasa na Zanzibar akielekea Afrika Kusini, aliifanya miiko hii miwili kuwa silaha ya siasa. Alionyesha kwamba kutodhuru na kusema kweli si mambo ya mapangoni tu, kwani yanaweza kuukabili utawala wa kikoloni.

Mwiko wa tatu ni asteya, kutoiba. Wizi hapa ni pamoja na karani kudai "chai" kabla ya kugonga muhuri, mfanyabiashara kupunja mizani, na bosi kuwaweka watu saa nzima wakimsubiri, maana muda nao ni mali. Wa nne, brahmacharya, asili yake ni useja wa watawa. Kwa watu wenye ndoa, walimu wengi huufafanua kuwa ni uaminifu na kiasi. Wa tano ni aparigraha, kutojilimbikizia. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote, na mwenye madeni ya kununua vya kuonyesha watu halali usingizi hata akiwa na godoro zuri.

Patanjali aliweka sharti moja gumu juu ya miiko hii: haibadiliki kwa sababu ya tabaka, mahali, wakati wala hali. Kwa lugha ya leo, mtu hawezi kuwa mkweli kanisani au msikitini kisha akawa mwongo dukani kwake, akasema biashara ndivyo ilivyo.

Nidhamu tano za nafsi

Niyama nazo ni tano. Saucha ni usafi wa mwili, wa makazi na wa mawazo. Santosha ni kuridhika, jambo ambalo halimkatazi mtu kujitafutia maendeleo, ila humkataza kuyachukia maisha aliyonayo kwa kuyapima na ya jirani. Tapas ni bidii inayouma kidogo, kama kuamka mapema au kulipa deni kwanza. Svadhyaya ni kusoma maandiko na kujichunguza, na ishvara pranidhana ni kujikabidhi kwa Mungu baada ya kutimiza wajibu.

Kitabu hicho kina ushauri mwingine unaowafaa watu waishio kwa msongamano. Kinahimiza kuwa na urafiki kwa walio katika raha, huruma kwa walio katika taabu, furaha kwa watenda mema, na kutotikisika mbele ya waovu. Anayemwonea wivu jirani aliyenunua gari hujitesa yeye mwenyewe, na anayejibizana na kila mkorofi barabarani humkabidhi mkorofi huyo siku yake nzima.

Pumzi iliyo karibu zaidi

Miongoni mwa hatua zote, pumzi ndiyo inayoweza kutumiwa papo hapo. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Anapopatwa na hofu au hasira, pumzi huwa fupi na ya haraka, moyo hudunda kwa kasi na misuli hukaza. Pumzi ndefu, hasa ya kutoa nje, huamsha ule upande wa mfumo wa fahamu unaopunguza kasi ya mapigo ya moyo.

Njia rahisi ni kukaa wima, kuvuta pumzi kwa pua huku mtu akihesabu hadi nne, kisha kuitoa taratibu akihesabu hadi sita. Kila hesabu ikichukua sekunde moja, pumzi huwa sita kwa dakika. Dakika tano zatosha, iwe kitini ofisini, kwenye foleni ya benki au ndani ya basi. Anayesikia kizunguzungu aache na kurejea pumzi yake ya kawaida.

Hatua ya kuzirudisha hisi ndani nayo ina nafasi yake katika zama za simu. Kula bila simu mezani, au kuizima saa moja kabla ya kulala, ni pratyahara ya mtu wa mjini. Gandhi alikuwa na desturi ya kunyamaza kila Jumatatu, na alipohitaji kusema jambo aliliandika kwenye karatasi.

Je, inapingana na dini?

Swali hili haliepukiki, kwa kuwa yoga ilikulia ndani ya dini za India. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliwazuia Waislamu kuifanya. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza ile yenye ibada na ukariri wa mantra, lakini likaruhusu ya mazoezi ya mwili. Nchini Saudi Arabia, yoga ilitambuliwa rasmi kuwa shughuli ya michezo mwaka 2017.

Utafiti mmoja mdogo unafaa kukumbukwa hapa. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 23. Walibaini kwamba kusali rozari kwa Kilatini na kukariri mantra ya yoga, vyote viwili, vilishusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika. Utulivu wa pumzi hauna dini. Muumini anaweza kuuchukua na kuacha nyimbo au maneno yasiyoafikiana na imani yake, na mwenye shaka anaweza kumuuliza kiongozi wake wa dini kabla ya kuanza.

Tahadhari za kiafya

Mwaka 2017 chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kujaribiwa kabla ya dawa kwa wenye maumivu sugu ya kiuno na mgongo. Hata hivyo, yoga si mbadala wa hospitali. Mwenye shinikizo la damu au kisukari asiache dawa zake. Wenye presha ya macho, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au matatizo ya shingo waepuke mikao ya kichwa chini, na wajawazito wamwone daktari kwanza. Maumivu makali ni onyo, wala si dalili ya maendeleo.

Pa kuanzia

Anayetaka kuanza hahitaji mkeka wa bei mbaya wala ada ya ukumbi. Anaweza kuchagua mwiko mmoja kwa juma moja, kwa mfano kusema kweli kuhusu muda atakaofika, na kuuambatanisha na dakika tano za pumzi kila asubuhi. Jioni ajiulize ni wapi alishindwa na kwa nini. Wazo la chuki likimjia, Patanjali ashauri alete wazo lililo kinyume chake badala ya kupigana nalo.

Mwanzo huo huonekana mdogo, lakini mafundisho hayo yanasema kwamba zoezi hutia mizizi pale tu linapofanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa na kwa moyo wa dhati. Haba na haba hujaza kibaba. Kipimo cha aliyefaulu nacho hakitafutwi juu ya mkeka. Watakaokitoa ni mkewe au mumewe, watoto wake, wafanyakazi wenzake na yule kondakta wa kila asubuhi.